Selo Tuliyoisikia Watu Wawili

Nilisikia, au sikusikia? Swali hilo liliniibia usingizi kwa muda mrefu baada ya Gwakisa kuzikwa. Nageukia ukutani, najiambia, ulisikia. Nageukia upande wa pili, najiambia, ulikuwa umechoka, ulikuwa na hasira, kichwa kilikuchezea tu. Kunakucha bado nabishana na mto.

Najua unachotaka kusema. Utasema msichana aliyefiwa na mchumba husikia mengi. Hata mimi ningesema hivyo. Lakini mimi ni mtu wa kutilia shaka kila kitu. Nikifunga mlango, narudi kuutikisa. Nikiandika barua ya kuomba kazi, naisoma mpaka maneno yanapoteza maana. Sasa mtu wa namna hiyo akikuambia kwamba jambo hili lilitokea, tena alasiri, ndani ya kanisa, mbele ya watu, ujue amelipinga mwenyewe kwa kila njia anayoijua, na limekataa kupingika.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ya Tukuyu yalikuwa yameanza kujaa redio za nje na viatu vya kung'aa, na sisi tuliomaliza chuo kikuu tukaambiwa kwamba serikali haimpangii mtu kazi tena, kila mmoja ajitafutie. Nikarudi nyumbani Bulyaga na cheti changu. Siku za kazi nilimsaidia mama kuuza mitumba, na Jumapili nilipiga piano kanisani.

Gwakisa alikuwa mtu wa Kinyala, mwalimu wa muda wa sekondari, na alikuwa anapiga selo. Kama hujawahi kuiona selo, fikiria fidla kubwa inayomfika mtu kifuani. Mpigaji anakaa kitini, anaiweka katikati ya magoti, anaikumbatia, halafu anaivutia upinde. Nesi mmoja wa Kizungu aliyezeekea huku kwetu alimfundisha tangu utotoni, na alipokuwa anarudi kwao akamwachia selo yake. Nadhani ndiyo iliyokuwa selo pekee wilayani. Sauti yake inakaribia sauti ya mtu kuliko chombo chochote nilichowahi kusikia. Ikishuka chini inakuwa ya mwanaume, ikipanda juu ya mwanamke, na Gwakisa alijua kuwapatanisha.

Tulikuwa tunafanya mazoezi kanisani jioni, yeye na selo, mimi na piano. Nikikosea nasimama, naomba radhi, naanza kueleza kwa nini nimekosea. Yeye anacheka.

"Profesa, unafikiria tena. Piga."

"Sasa nisifikirie?"

"Fikiria ukifika nyumbani. Hapa piga."

Ndivyo tulivyopendana. Ng'ombe wa mwanzo wa mahari waliletwa kwetu, na tangu siku hiyo nikawa mkamwana wa baba yake. Kwa asiye wa kwetu, lazima nieleze hapa, maana kisa chote kimesimama juu ya jambo hili. Sisi Wanyakyusa mwanamke hakutani na baba mkwe wake. Hawatazamani, hawasemeshani, hawakai chumba kimoja. Akimsikia anakuja njiani anaingia migombani na kujifunika kanga mpaka apite. Mzee naye akiona kanga ya mkamwana wake anageuza uso na kupita mbali. Tunaita ukutila. Ni heshima. Vijana wa mjini walikuwa wameanza kuupuuza mwiko huo, lakini baba yake Gwakisa hakuwa wa mjini, na mimi sikuwa na ujasiri wa kupuuza kitu.

Sasa ona ugumu uliotupata. Mzee hakuwahi kumsikia mwanawe akipiga sawasawa. Nyumbani aliikataza ile selo kwa sababu ilitisha ng'ombe. Kanisani alikuwepo Gwakisa, lakini pembeni yake nilikuwepo mimi. Kwa hiyo mzee alibaki kunung'unika tu. "Nimekusomesha ili ukumbatie sanduku?" Gwakisa alikuwa ananiigizia maneno hayo kwa sauti ya baba yake, tunacheka wote, halafu anaanza kukaza nyuzi ambazo hazijalegea. Kwetu manung'uniko ya baba si kitu cha kuchekea. Wazee wanaamini kwamba baba akinung'unika moyoni juu ya mwanawe, pumzi ile inamfuata mtoto na kumpoza mwili mpaka augue.

Ndipo Gwakisa akapata wazo la onyesho. Alasiri ya Jumamosi, piano na selo, watu wote waje. Mchungaji akakubali.

"Na baba atakuja," aliniambia.

"Atakaa wapi? Mimi nitakuwepo."

"Nje. Dirisha la ubavuni, lile karibu na piano. Mama atatundika kitenge. Atakaa chini ya ukingo wa bati, hatakuona, hutamwona. Ukuta utakuwa katikati yenu."

"Amekubali?"

"Amesema mvua ikinyesha haji."

"Gwakisa, hapa Tukuyu. Lini haijanyesha?"

Akacheka mpaka akaegemea selo. "Basi ujue atakuja. Angekuwa hataki angesema hataki."

Siku chache kabla ya onyesho uzi mmoja wa selo ulikatika, ule mwembamba wa juu unaobeba wimbo wenyewe. Uzi wa selo huupati dukani Tukuyu hata leo. Rafiki yake wa Dar alimtafutia, akautuma kwa basi hadi Mbeya, na Ijumaa Gwakisa akaenda kuupokea. Alilala kwa shangazi yake. Jumamosi asubuhi akapanda pikapu ya mizigo kurudi.

Alasiri ile ukungu ulishuka mpaka kwenye ngazi za kanisa. Watu walikuja na miamvuli, na majani ya mgomba kichwani. Kwaya walikuja, walimu, manesi, akina mama wa sokoni. Gwakisa hakuwepo. Selo yake ililala kwenye mkeka pembeni ya kiti, ina nyuzi tatu. Kitenge kilikuwa kimetundikwa dirishani, na nyuma ya kitenge niliona kivuli cha mtu mwenye kofia. Nikageuza uso haraka.

Nilichungulia mlangoni mara ngapi sijui. Mara nasema pikapu imeharibika. Mara nasema amesahau. Mara nasema, je, kama ameona aibu, hataki mimi wala onyesho? Unaona akili yangu ilivyo? Niliwaza yote isipokuwa lile lililotokea.

Mchungaji akanijia. "Binti, watu wamekaa muda mrefu. Anza hata peke yako, wape nyimbo za kitabuni."

Nikakaa. Piano yetu imeegemea ukuta wa mbele, kwa hiyo mpigaji anawapa watu mgongo. Lakini ubao wake wa mbele una rangi nyeusi inayong'aa, na katika ubao ule huwa naona mambo ya nyuma yangu, kiti cha Gwakisa na mabenchi ya mbele kwa ukungu ukungu. Nilikusudia kupiga wimbo wa kitabuni. Amini, nilikuwa nimeshaufungua. Lakini vidole vikaanza kile kipande chetu cha polepole, tulichokifanyia mazoezi miezi yote. Kinaanza na piano peke yake, halafu selo inaingia.

Nikafika mahali pa selo kuingia. Nikajiandaa kusimama na kuomba radhi.

Selo ikaingia.

Utafanyaje wewe? Nilitazama ubao. Niliona kiti kimekaliwa. Niliona bega lake, upinde unakwenda na kurudi, kichwa kimelala upande kama kawaida yake. Nilisikia harufu ya koti lililoloa mvua. Nikajua ameingia kwa mlango wa pembeni, amechelewa, na hajaniambia hata pole. Na hapa ndipo panaponiuma mpaka leo. Sikuogopa. Nilikasirika. Katika muda wote ule niliopewa kuwa naye nilikuwa napanga maneno ya kumkaripia. Amelala Mbeya, amenifanya nihangaike, sasa anaingia kama bwana mkubwa! Nitamwambia hivi, atajibu hivi, nami nitamjibu vile.

Lakini alikuwa anapiga, jamani. Sijawahi kumsikia akipiga vile. Sauti ya juu kabisa, ambayo siku zote ilimtetemesha, ilitoka safi. Halafu kuna mahali ambapo piano inanyamaza na selo inashuka peke yake, chini, chini zaidi, mpaka inakuwa kama ng'ombe anayemwita ndama. Pale niliacha mikono magotini, nikasikiliza. Na katika ubao nikaona jambo nililoshangaa kidogo. Hakuwa amewaelekea watu. Alikuwa amekaa ubavu, uso ameuelekeza dirishani kwenye kitenge, macho amefumba, na midomo yake imelegea kama ya mtu anayekaribia kutabasamu.

Nikaingia tena na piano, tukamaliza pamoja. Nikageuka na karipio langu mdomoni.

Kiti kilikuwa kitupu. Selo ilikuwa imelala kwenye mkeka. Nyuzi tatu.

Watu wakapiga makofi, makofi ya huruma. Mimi nikawaza ametoka nje kumwona baba yake. Nilitaka kukimbilia dirishani nifunue kitenge. Nisingeweza. Nyuma ya kitenge alikuwepo mkwe wangu. Kwa hiyo nikasimama palepale, nikingoja mtu arudi.

Badala yake akaja Subilaga wa kwaya, rafiki yangu tangu shule ya msingi. "Shoga, pole. Umejitahidi. Ila pale katikati uliganda kama redio iliyoishiwa betri! Tukasema amesahau."

"Niliganda wapi?"

"Si pale ulipoweka mikono magotini, kimyaa. Mama Mchungaji alianza kukuombea."

"Gwakisa alikuwa anapiga."

Subilaga alinitazama, halafu akatazama kiti. Hakucheka tena. "Gwakisa yupo wapi?" akauliza taratibu.

Habari zilifika kabla watu hawajamaliza kufungua miamvuli. Pikapu ilipinduka kwenye ule mteremko wa kona, katika ukungu, asubuhi. Asubuhi, nisikilize vizuri. Wakati mimi nachungulia mlangoni, Gwakisa alikuwa amekwisha kufunikwa shuka saa nyingi zilizopita. Katika mfuko wa shati lake walikuta bahasha ndogo ya karatasi, na ndani yake uzi umekunjwa duara, mpya, haujawahi kufungwa kwenye chombo chochote.

Tulimzika Kinyala, kwao, pembeni ya nyumba. Msibani nilikaa ndani na wanawake, nimejifunika kanga, na wanaume walikuwa nje upande wa pili wa ukuta wa mbao. Kupitia mbao zile nikamsikia mzee. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mimi nilimsikia. Jumamosi. Nimekaa pale dilishani, anapiga lile sanduku lake."

"Kaka, ulisikia kinanda," akamjibu baba mdogo wa Gwakisa, Ambilikile, anayejua kusema kuliko wote katika ukoo ule. "Mkamwana wako ndiye alikuwa anapiga kinanda."

"Kinanda nakijua. Kinanda hakilii kama mtu."

"Gwakisa alikuwa amekufa tangu asubuhi, kaka."

"Najua. Si ndiyo nasema?"

Nikauma kanga yangu. Kumbe tulikuwa wawili! Kanisa zima lilisikia piano iliyosimamasimama, na watu wawili duniani walisikia selo, yeye upande mmoja wa ukuta na mimi upande wa pili. Na katika watu wote wa Rungwe, huyo mmoja ndiye nisiyeruhusiwa kumwambia hata neno.

Matanga yakaondolewa. Nilirudi Bulyaga na swali langu, na usiku ukawa ule niliokueleza mwanzo. Nilimwambia Mchungaji. Akanishika bega, akasema ni huzuni, binti, itapita. Nilimwambia mama. Akasema nisilirudie jambo hilo sokoni, nani ataniajiri?

Halafu Subilaga akaja na maneno mengine. "Huko Kinyala wanasema mzee ndiye amemla mwanawe."

"Nani anasema?"

"Wote. Wanasema anayemsikia marehemu ndiye aliyemtuma. Si alikuwa anamnung'unikia? Na mwenyewe habishi, shoga. Hilo ndilo baya. Anasema ni kweli alimnung'unikia, na mtoto alikuja dirishani kumlaumu. Hali chakula. Kila Jumamosi anashuka mpaka kanisani anasimama mvuani pale dirishani. Ameanza kukohoa. Ambilikile ameita ukoo, wanataka kumpeleka kwa mganga Kyela akanyweshwe dawa ya kiapo, ionekane kama ni mchawi. Na kifua kile! Hatarudi."

Sasa nifikirie pamoja nawe, kama nilivyofikiria mimi. Nikisema, nitaitwa kichaa, au nitaambiwa nasema kumfurahisha mkwe. Nikituma mtu, maneno yatafika yamepoa. Na je, nikienda mwenyewe? Hapo ndipo nilipokwama. Mama yake Gwakisa alikuwa ameniambia siku ya kuondoa matanga, amenishika mikono yote miwili: "Wewe kaa hivyohivyo. Ukijifunika mbele ya mzee, mimi najua mwanangu bado ana mke." Ndiyo maana yake. Hatukufunga ndoa, hatukuzaa, hatukulala nyumba moja. Kitu pekee nilichobaki nacho kuonyesha kwamba niliwahi kuwa wa Gwakisa ni kule kujificha. Kila nilipoingia migombani kumpisha mzee yule, nilikuwa mke wa mtu. Nikimtazama usoni mara moja tu, naye akanitazama, nitakuwa binti wa watu wengine anayesalimia mzee njiani.

Siku ya kikao cha ukoo nilikwenda Kinyala. Sikuwa nimeamua. Miguu ilikwenda, mimi nikawa naifuata na hoja zangu.

Wanaume walikuwa wamekaa uani juu ya magogo. Mzee alikuwa katikati, amekonda, kofia magotini. Aliponiona tu akaweka kofia kichwani, akanyanyuka na kuelekea nyuma ya nyumba. Hata siku ile, siku wanayomjadili kama mchawi, alikuwa ananipisha. Nami nikavuta kanga usoni, nikapiga goti mbali na magogo.

"Binti, hiki ni kikao cha wanaume," akasema Ambilikile.

"Naomba radhi, baba mdogo. Nimekuja kusema jambo moja. Jumamosi ile nami nilisikia selo."

Magogo yakalia, wote wamejigeuza. Mmoja akacheka. "Huyu naye! Elimu nyingi imempanda."

"Wamepangana," akasema mwingine. "Mkwe na mkamwana wamepangana."

Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. "Tumepangana lini? Kwa mdomo gani? Tangu ng'ombe wamefika kwetu nimewahi kusema neno na mzee? Nani amewahi kutuona?"

Wakatazamana. Hakuna aliyeweza kusema amewahi kutuona. Ambilikile akakuna kidevu. Ni mtu wa maneno, lakini ni mtu wa haki pia, nisimwonee. Akainuka. "Haya. Niambie mimi peke yangu ulichosikia. Chote. Halafu nitakwenda kumwuliza kaka. Tuone."

Nikamweleza, kwa sauti ya chini. Kwamba selo haikuanza mwanzo, iliingia baadaye. Kwamba ilipanda sana, safi. Kwamba katikati piano ilikaa kimya na selo ikashuka yenyewe, kama ng'ombe anayemwita ndama. Akanisikiliza, akazunguka nyumba. Sisi uani tukabaki tunasikiliza mvua inayotiririka kwenye migomba.

Alirudi amevua kofia.

"Amesema kilianza kinanda, mtoto akaja nyuma," akawaambia. "Amesema katikati kinanda kilikufa kabisa, mtoto akabaki peke yake." Akameza mate. "Amesema, kama ng'ombe anamtafuta ndama. Sijamwambia neno hilo. Nimemwacha aseme mwenyewe."

Hakuna aliyecheka tena. Yule wa elimu nyingi alikuwa anatazama miguu yake. Na mmoja aliyekuwepo kanisani siku ile akasema polepole, "Ni kweli kinanda kilinyamaza. Sote tulidhani binti amesahau."

Safari ya Kyela ikafa hapohapo. Unaona? Mwiko wetu ndio uliotutetea. Ungedhani yamekwisha, nijifunike kanga yangu nirudi Bulyaga nikiwa bado mkamwana. Hata mimi nilidhani. Nilikwisha kusimama.

"Ila ameuliza kitu," Ambilikile akaniambia. "Ameuliza kama mtoto alikuwa na hasira."

"Hakuwa na hasira. Mwambieni hakuwa na hasira hata kidogo."

Akaenda. Akarudi akitikisa kichwa. "Hataki. Anasema tunambembeleza. Anasema mimi sikuwepo, nitajuaje? Amekaa chini kwenye matope, binti. Hataki kuinuka."

Kabla sijamaliza, nikuambie yaliyofuata, kwa sababu sitaki uniulize baadaye. Mzee alipona kifua. Anakula. Mimi nilipata kazi ya kufundisha shule ya Matwebe, na nikikutana naye sokoni Tukuyu tunasimama barabarani, ananishika mkono kama mtoto wa jirani na kuniuliza hali ya mama. Watu wanapita wakituona, na wote wanajua maana yake. Mama yake Gwakisa hakunisemesha muda mrefu. Selo hainijii tena, ingawa napiga kile kipande na pale katikati naacha mikono magotini mpaka muda wake uishe. Natazama ubao. Naona kiti.

Na wewe unayesoma, nakuonya. Yakikufika ya namna hii, usipoteze muda kujiuliza kama una akili timamu. Uliza kwanza ni nani mwingine aliyesikia, kwa sababu huenda yupo mahali amesimama mvuani, anakufa kwa kuambiwa hakusikia. Na anayekujia katika saa yako ya hasira, mtazame vizuri. Huenda amebakiwa na muda mfupi kuliko karipio lako.

Basi siku ile nilisimama uani Kinyala, wanaume wote wananitazama, na mama yake Gwakisa yuko mlangoni. Alikuwa ameelewa kabla yangu. Alitikisa kichwa taratibu, machozi yanamtoka, ananiomba nisiende. Nilimtazama. Nikamwambia, "Nisamehe, mama."

Nikaishusha kanga kichwani, nikaiacha ikae mabegani. Nikazunguka nyumba. Alikuwa amekaa chini ya migomba, mgongo umenielekea, na aliposikia hatua za mwanamke akajikunja, akaufunika uso kwa kofia ili anipishe. Nikapita mbele yake, nikachuchumaa kwenye matope, nikaishika kofia ile na kuiteremsha. Macho yake yalikuwa macho ya Gwakisa. Nilikuwa sijui. Hakuna aliyewahi kuniambia, na mimi sikuwahi kuruhusiwa kuona.

"Tata, baba yangu," nikamwambia, namtazama, "nilimwona kwa macho haya. Hakuwa na hasira. Aliwapa watu ubavu, akageukia dirishani. Alikuwa anakupigia wewe."